Jibu la Mtaalamu: Namna ya Kuwaona Kasa na Viumbe wa Miamba kwa Mrija wa Kupumulia

Swali: Mimi na binti yangu mwenye umri wa miaka 12 tumepanga kukaa siku nne katika kisiwa cha tropiki chenye ufuo wa mchanga na miamba ya matumbawe mbele yake. Tungependa kuogelea juu ya miamba hiyo kwa miwani ya kuzamia na mrija wa kupumulia, tuwaone kasa na viumbe wengine. Sote wawili tunaogelea kiasi, lakini hatujawahi kutumia mrija. Marafiki waliotutangulia walirudi wakilalamika kwamba waliona maji ya ukungu, mchanga na mawe tu. Tufanye nini ili tuone zaidi, bila kuumia na bila kuwadhuru viumbe wenyewe?

Jibu: Malalamiko kama ya marafiki zako ni ya kawaida, na mara nyingi mwamba wenyewe hauna kosa. Watu wawili huweza kuogelea mahali pamoja siku moja, mmoja akatoka amemwona kasa akila na pweza akijigeuza rangi, mwenzake asione ila mchanga uliotibuka. Kinachowatenga kwa kawaida ni saa waliyoingia majini na mwendo waliokwenda nao. Miwani ya bei kubwa na mashua ya kwenda mbali vina faida zake, lakini haviwezi kufidia saa mbaya wala pupa, na kwa watu wanaoanza, kama ninyi, hayo mawili ndiyo yatakayoamua pia usalama wenu.

Visiwa vingi vya tropiki vina mpangilio unaofanana: ufuo wa mchanga, kisha eneo pana la maji ya kina kifupi lenye mchanga na nyasi za baharini, kisha ukingo wa mwamba ambako mawimbi hupasuka, na nje ya ukingo huo bahari kuu. Maji yanapojaa, maji safi ya bahari kuu huvuka ukingo na kuingia ndani. Yanapokupwa, hurudi nje yakiwa yamebeba mchanga laini, mabaki ya mimea na vumbi lote lililotibuliwa na miguu ya waogeleaji. Mwamba ambao wakati wa kujaa ungeona samaki wake kwa umbali wa mita 15 au 20 unaweza, saa chache baadaye, usikuonyeshe hata vidole vya mkono wako ulionyooshwa vizuri. Nadhani marafiki zako waliingia wakati ambao ratiba yao iliwaruhusu, pengine baada ya chakula cha mchana, bila kutazama bahari ilikuwa inafanya nini.

Wakati unaofaa zaidi kwa anayeanza ni saa moja au mbili kabla ya maji kujaa kabisa, hadi muda mfupi baada ya hapo, mkondo unapokuwa umelegea kabla haujageuka. Pateni jedwali la kujaa na kupwa kwa maji la kisiwa hichohicho, kwa sababu la bandari iliyo mbali linaweza kupishana nalo sana. Katika sehemu nyingi za tropiki maji hujaa mara mbili kwa siku na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50, hivyo saa iliyowafaa siku ya kwanza haitawafaa siku ya nne, ambapo tofauti itakuwa imefika karibu saa mbili na nusu. Tazameni pia mwezi. Unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari huwa ya bamvua: maji hupanda sana, hushuka sana, na mikondo huwa na nguvu. Siku za maji mafu, mwezi unapokuwa nusu, humpendelea mgeni. Ukubwa wa jambo hili hutofautiana mno kati ya mahali na mahali. Katika sehemu kubwa ya Karibi tofauti ya maji ya kujaa na ya kupwa haifiki mita moja, ilhali katika pwani ya Afrika Mashariki bamvua hukaribia mita 4. Huko Tahiti, ambako nguvu ya jua huzidi ya mwezi katika kuyavuta maji, bahari hujaa karibu na adhuhuri na usiku wa manane kila siku, jambo ambalo huwashangaza hata mabaharia wazoefu.

Baada ya maji, tazameni upepo na jua. Asubuhi upepo huwa haujaamka. Kadiri nchi kavu inavyopata joto, upepo wa baharini huongezeka, na vijiwimbi vyake hutosha kuingiza maji kwenye mrija wa anayeanza na kumtia hofu. Jua nalo likiwa chini sana, mwanga wake huakisiwa juu ya maji badala ya kupenya. Ikiwa mnaweza kupata siku ambayo maji yanajaa kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, itumieni siku hiyo hata kama mlikuwa mmepanga jambo jingine. Na mvua kubwa ikinyesha, kaeni mbali na midomo ya vijito kwa siku moja au mbili, kwa maana maji yale huwa machafu na hayana cha kuonyesha.

Kuhusu mahali pa kutazama, watu wengi huvuka nyasi za baharini kwa haraka wakielekea kwenye matumbawe, na kwa kufanya hivyo huwapita kasa waliokuja kuwatafuta. Kasa wa kawaida, yule mkubwa mwenye gamba laini la rangi ya zeituni, akishakomaa chakula chake kikuu ni nyasi hizo na mwani. Hushuka, hung'ata majani kama mnyama wa malishoni, na kila baada ya dakika chache hupanda kuvuta pumzi, ingawa akipumzika tu huweza kukaa chini kwa saa kadhaa. Ng'amba, ambaye ana mdomo uliochongoka na magamba yanayopishana kama vigae, hula zaidi sifongo zinazoota kwenye nyufa za mwamba, kwa hiyo yeye mtafuteni kwenye matumbawe yenyewe. Ng'amba yumo katika orodha ya kimataifa ya wanyama walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Mkimwona, mmeona kitu ambacho wengi hawatakiona.

Akitokea kasa, kosa la kwanza la kila mtu ni kumfuata. Mnyama huyo hupumua hewa, na njia yake ya kwenda juu ni uhai wake. Mtu akielea juu yake moja kwa moja, au watu wakimzunguka, huogopa kupanda au hukimbia huku pumzi imemwishia. Kaeni ubavuni mwake, mbali kidogo, mkiwa mmelala juu ya maji bila kupiga miguu. Huko Hawaii ushauri rasmi ni kuacha umbali wa takriban mita 3, na huo ni mpaka mzuri popote. Kasa asiyebughudhiwa huendelea kula, na mara nyingi hukaribia mwenyewe akifuata nyasi. Kumbukeni kwamba ndani ya maji, kupitia kioo cha miwani, vitu huonekana vikubwa kwa theluthi moja na karibu zaidi kwa robo, kwa hiyo umbali unaodhani ni mita 3 kwa kweli ni kama 4. Mwelezeni binti yenu jambo hili mapema, kwa sababu papa mdogo wa miamba mwenye urefu wa mita moja na nusu ataonekana majini kama ana mita mbili.

Sasa nije kwenye mwendo, ambao kwangu ndio kiini cha jibu hili. Samaki wa mwambani wamezoea kuwindwa na viumbe wanaokuja kwa kasi kutoka juu, wakiwa na kivuli kikubwa. Mwogeleaji anayepiga kwa nguvu mapezi ya mpira aliyovaa miguuni hufanana na hatari hiyo, na kila anapofika viumbe huwa wamekwisha kujificha. Huona mwamba mtupu, husogea mbele kutafuta pazuri zaidi, na huko nako hukuta hali ileile. Ningewashauri mchague kipande kimoja cha mwamba, kisichozidi ukubwa wa chumba, chenye matumbawe yaliyozungukwa na mchanga, mkakaa juu yake kwa nusu saa. Katika dakika tano za kwanza hakutatokea mengi. Baada ya hapo wadogo huanza kutoka, kisha wanaowala wadogo, na mwishowe mwamba wote huendelea na shughuli zake kana kwamba hampo.

Katika kipande kama hicho tafuteni mahali ambapo samaki wakubwa wamesimama bila sababu inayoonekana. Huenda pakawa kituo cha usafi. Hapo huishi samaki mwembamba wa urefu wa kidole, mwenye rangi ya buluu na mstari mweusi uliotoka mdomoni hadi mkiani, ambaye kazi yake ni kula vimelea na ngozi iliyokufa kwenye miili ya wengine. Humkaribia mteja kwa kuyumbayumba, juu na chini, kama ishara ya kujitambulisha. Chewa, ambaye kwa kawaida angemmeza samaki wa ukubwa huo, husimama wima kidogo, akafungua kinywa na kutanua matamvua yake, na yule mdogo huingia mdomoni na kutokea shavuni bila kudhurika. Wengine hupangana foleni nyuma yake. Ni tamasha linalotokea katika miamba mingi ya Bahari ya Hindi na Pasifiki, kwenye kina ambacho mtoto anaweza kulitazama akiwa juu ya maji, na takriban kila mtu hulipita.

Masikio nayo yana kazi. Mkitulia mtasikia mlio kama wa mtu anayetafuna kitu kigumu. Huyo ni pono, ambaye kwa meno yake yaliyoungana mfano wa mdomo wa kasuku hukwangua mwani juu ya mwamba, akasaga chokaa inayokuja nayo, kisha akaitoa nyuma yake kama wingu jeupe. Wingu hilo ni mchanga. Pono mmoja mkubwa huweza kutoa mamia ya kilo za mchanga kwa mwaka, na katika visiwa vya matumbawe kama vile vya Maldivi sehemu kubwa ya ufuo mweupe unaopigwa picha imepitia tumboni mwa samaki hawa. Pweza naye hutafutwa kwa kutazama taka zake: mkiona shimo ambalo mbele yake kumerundikwa makombe matupu na vipande vya kaa, na mchanga wa mlangoni umefagiliwa safi, tulieni hapo, kwa kuwa yamkini jicho moja tayari linawatazama.

Msiwape samaki chakula, hata kama mwenye mashua anagawa mkate. Samaki waliozoeshwa hivyo huacha kula mwani, ambao ukizidi huyasonga matumbawe, na huanza kuwauma wageni vidole.

Kwa upande wa vifaa, jambo la maana ni miwani kukaa vizuri usoni. Ishikeni usoni bila kuvuta mkanda, mvute hewa kidogo kwa pua, kisha muachie mikono. Ikishika yenyewe na isidondoke, inawafaa, na ikidondoka, jaribuni nyingine hata kama hiyo ni nzuri zaidi kwa sura. Iwe ile inayofunika pua, na nywele zote ziondolewe chini ya ukingo wa mpira, kwa sababu unywele mmoja hutosha kuingiza maji. Miwani mpya huwa na utando wa kiwandani unaoshika ukungu. Usugueni kwa dawa ya meno siku moja kabla, na kila mnapoingia majini temeni mate kidogo kwenye kioo, mpake kwa kidole, msuuze. Mkanda usikazwe mno, kwani huo ndio unaosababisha miwani kuvuja.

Mrija usiwe mrefu kuliko ule wa kawaida, wa sentimita 35 hadi 40. Wapo wanaodhani mrija mrefu ungewawezesha kwenda chini zaidi, lakini hewa iliyotumika ingebaki ndani ya bomba na kuvutwa tena, na shinikizo la maji lingezuia kifua kutanuka. Kwa sababu hiyohiyo binti yako atumie mrija wa mtoto, ambao ni mwembamba na mfupi zaidi. Barakoa zinazofunika uso mzima sizipendekezi kwa anayeanza, kwa maana zile zilizotengenezwa vibaya huruhusu hewa chafu kurudi kwa mvutaji, na ni vigumu kuzivua haraka mtu akipatwa na wasiwasi. Siku ya kwanza msiende mwambani kabisa. Simameni juu ya mchanga, kwenye maji yanayofika kiunoni, mjizoeze kupumua polepole kwa kinywa, kisha mjaze mrija maji kwa makusudi na kuyapuliza yatoke kwa pumzi moja kali. Mtu aliyezoea kufanya hivyo hatashtuka wimbi likimwingilia. Vaeni pia jaketi la kuelea lenye hewa kidogo; halina aibu yoyote, na faida yake ambayo haitajwi ni kwamba humfanya mtu atulie, na mtu aliyetulia huona zaidi.

Lipo jambo moja la pumzi ambalo ni lazima nilieleze kwa uzito. Mtu anayezama akiwa na mrija mara nyingi hapigi kelele wala hatapitapi. Anaonekana kama anaendelea kutazama chini. Kwa hiyo muwe karibu kiasi cha kugusana, na kila baada ya dakika chache muulizane kwa ishara mliyokubaliana. Asiwepo wa kuvuta pumzi nyingi za haraka kabla ya kuzama ili akae chini zaidi. Kufanya hivyo hakuongezi oksijeni ya maana mwilini. Kunapunguza kaboni dioksidi, ambayo ndiyo inayotuamsha hamu ya kupumua, na matokeo yake mtu hupoteza fahamu chini ya maji kabla hajahisi haja ya kupanda. Yeyote kati yenu anayepata upungufu wa pumzi, hata bila kumeza maji, atoke mara moja. Mwenye ugonjwa wa moyo azungumze na daktari wake kabla ya safari.

Mkondo ndio hatari nyingine inayostahili muda wenu. Maji yote yanayomiminwa na mawimbi juu ya mwamba lazima yatoke mahali, na hutoka kupitia milango, yaani mapengo katika ukingo, kwa nguvu inayoweza kumshinda mwogeleaji hodari. Kabla ya kuingia, kaeni ufuoni kama dakika kumi mkitazama: sehemu ambayo mawimbi hayapasuki na maji yana rangi ya kina, ambayo macho ya mgeni huiona kuwa tulivu zaidi, mara nyingi ndiyo mlango wenyewe. Waulizeni pia wavuvi au wahudumu wa ufuoni mlango uko wapi. Mkiwa majini chagueni alama mbili za nchi kavu zilizopangana, kwa mfano mnazi na paa la nyumba iliyo nyuma yake. Zikianza kuachana, mnachukuliwa. Anzeni kuogelea mkielekea mkondo unakotoka, ili uwasaidie wakati wa kurudi mkiwa mmechoka. Mkikamatwa, msishindane nao. Ogeleeni kwa kuukata ubavuni hadi mtoke katika njia yake, kisha ndipo mrudi ufuoni.

Viumbe wenye kudhuru ni wachache kuliko hadithi zao, na kanuni ya kutogusa kitu chochote na kutosimama juu ya mwamba huwaepusha na karibu wote. Samaki-jiwe hulala chini akifanana kabisa na kipande cha mwamba, na miiba ya mgongoni mwake ina sumu kali. Viatu vya mpira vyenye soli nene hupunguza hatari yake ingawa havisitishi kila mwiba. Taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, hujifukia mchangani, kwa hiyo katika maji ya kina kifupi tembeeni kwa kuburura nyayo ili apate taarifa na kuondoka. Konokono mwenye kombe la umbo la koni, lenye michoro mizuri, hurusha mshale wenye sumu ambayo haina dawa ya kuizima, na ndiyo sababu kombe zuri lililo majini haliokotwi. Aliyechomwa na mwiba wa samaki-jiwe au wa taa hupata nafuu kwa kutumbukiza mahali palipoumia katika maji ya moto anayoweza kuyavumilia, yasiyozidi nyuzi 45 za Selsiasi, kwa dakika 30 hadi 90, kwa kuwa joto huivunja sumu hiyo. Anayesaidia ayapime kwanza kwa mkono wake mwenyewe, na baada ya hapo mgonjwa apelekwe hospitali. Mchubuko wa matumbawe unaoshwa siku hiyohiyo kwa maji safi na sabuni, hata ukiwa mdogo, kwa sababu huoza upesi.

Kuna mmoja ambaye wageni hawaambiwi habari zake. Kikande mkubwa, samaki mnene mwenye meno yenye nguvu, wakati wa kulinda mayai yake huwafukuza waogeleaji na huweza kuuma kweli. Eneo analolilinda lina umbo la koni iliyosimama kwenye kiota na kutanuka kadiri inavyopanda juu, kwa hiyo anayekimbilia juu hubaki ndani yake. Ondokeni kwa kwenda kando, mapezi yenu yakiwa kati yenu na yeye. Papa wadogo wa miamba wenye ncha nyeusi mapezini, kinyume chake, ni waoga. Mkiwaona katika maji yanayofika magotini, simameni na mtazame, kwani wataondoka kabla hamjachoka.

Juu ya jua niseme machache. Mgongo, shingo na nyuma ya magoti huungua bila mtu kujua kwa sababu maji yanampoza. Fulana ya mikono mirefu na suruali ya kuogelea hukinga vizuri zaidi kuliko mafuta ya jua, na huondoa sehemu kubwa ya mjadala kuhusu mafuta yenyewe. Palau tangu 2020 na Hawaii tangu 2021 zimezuia mafuta ya jua yenye oksibenzoni, kemikali inayoshukiwa kudhuru matumbawe. Kwa sehemu chache zitakazobaki wazi, chagueni yenye oksidi ya zinki.

Matumbawe si mawe, ingawa marafiki zako waliyaita hivyo. Ni makundi ya wanyama wadogo laini wanaojijengea mifupa ya chokaa, na ndani ya miili yao huishi mwani mdogo sana unaowapa sehemu kubwa ya chakula na rangi. Yale ya umbo la matawi huweza kurefuka kwa sentimita 10 au zaidi kwa mwaka, lakini yale ya mviringo mara nyingi hukua kwa sentimita moja tu au chini ya hapo, hivyo pigo moja la pezi hubomoa kazi ya miaka mingi. Maji yakizidi kwa nyuzi moja tu joto la juu la kawaida la msimu, na hali hiyo ikaendelea kwa majuma kadhaa, matumbawe huufukuza mwani huo na kubaki meupe. Mwezi Aprili 2024 wanasayansi walithibitisha tukio la nne la namna hiyo lililoikumba dunia nzima. Mkikuta tumbawe jeupe kabisa, huenda bado li hai. Likifunikwa na utando wa kijani au kahawia, limekufa. Linaloweza kupona lisiongezewe madhara ya kuguswa.

Nchi kavu nayo ina wakazi. Katika visiwa vingi buabua hutaga mayai juu ya mchanga mtupu bila kiota chochote, na mzazi akifukuzwa mchana, jua huweza kuyaua mayai katika muda mfupi. Ndege akianza kupiga kelele juu ya vichwa vyenu, rudini mlikotoka kwa kufuata nyayo zenu wenyewe. Katika visiwa vya Galápagos, ambavyo ni hifadhi ya taifa tangu 1959, mgeni hutakiwa kukaa mita 2 kutoka kwa kila mnyama na kufuatana na mwongoza wageni aliyeidhinishwa. Pasipo na sheria kama hiyo, mnaweza kujiwekea wenyewe.

Kama msimu wenu utaangukia wakati wa kasa kutaga, msiende ufuoni usiku bila mtu wa hifadhi. Jike anayepanda kutoka majini hurudi bila kutaga akiona taa au mtu anayetembea mbele yake. Husubiriwa kwa utulivu, gizani, na mkaribio hufanywa kwa nyuma tu, baada ya kuanza kuangusha mayai, ambayo hufikia takriban mia moja kwa mara moja. Vifaranga hutoka baada ya miezi miwili hivi na huelekea upande wenye mwanga zaidi, ambao kwa asili ni bahari. Taa ya chumba chenu inayotazama ufuo huwapeleka njia mbaya, kwa hiyo fungeni mapazia. Mkiwakuta wakitembea, msiwabebe hadi majini. Wapisheni, na msitumie mwanga wa kupigia picha.

Mwisho, binti yako atatamani kuondoka na kombe. Kaa mtawa hutegemea makombe matupu kwa makazi, na yanapoadimika hulazimika kuishi katika vifuniko vya chupa, kwa hiyo makombe ya ufuoni yaachwe. Yale ya dukani yana shida nyingine: biashara ya kimataifa ya matumbawe magumu na ya chaza wakubwa hudhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini walio hatarini, ulioanza kutumika mwaka 1975, na biashara ya kimataifa ya vitu vilivyotengenezwa kwa gamba la ng'amba imekatazwa kabisa chini ya mkataba huo. Muuzaji akisema kibali kipo, aonyeshe hati kabla hamjalipa, kwa sababu atakayeulizwa uwanja wa ndege ni ninyi.